Kufufua injini ndogo ya mipigo miwili nyumbani

Pikipiki za mipigo miwili zimepungua sana barabarani, lakini hazijaisha. Yamaha DT 125, Yamaha AG 100 na Suzuki TF 125 bado zinaonekana katika misheni, zahanati na ofisi za kilimo vijijini, nyingine zikitembea, nyingine zimeegeshwa chini ya mwembe kwa sababu ya kukosa nguvu. Makala hii inaeleza jinsi injini hizi zinavyofanya kazi, jinsi ya kujua kilichoiua, na jinsi ya kuifungua na kuifunga upya ukiwa na vifaa vya kawaida.

Bodaboda karibu zote zinazouzwa leo madukani zina injini ya mipigo minne. Mafundi vijana wamekulia kwenye hizo, na wengi wao wakiletewa tustroki, kama inavyoitwa gereji, huiangalia kwa mashaka. Mashaka hayo hayana msingi. Injini hii haina valvu za juu, haina mnyororo wa taimingi, haina kemshafti. Juu ya krenki kuna sehemu tatu tu zinazotembea: konrodi, pini na pistoni. Mtu mwenye subira na meza safi anaweza kuifanyia kazi nyumbani, isipokuwa hatua mbili ambazo lazima ziende kwenye karakana ya mashine. Tutazifikia.

Muundo wenyewe ni wa zamani. Mwingereza Joseph Day, aliyekuwa na karakana mjini Bath, alibuni mwanzoni mwa miaka ya 1890 injini inayotumia kasha la krenki kama pampu. Mwaka 1939 kampuni ya DKW ya Ujerumani ilitoa pikipiki ya RT 125, na baada ya vita michoro yake ikawa mali ya dunia nzima: Waingereza waliitumia kutengeneza BSA Bantam, na Wajapani waliifuata walipounda YA-1 ya mwaka 1955, pikipiki ya kwanza kabisa ya Yamaha. DT 125 ni mjukuu wa ukoo huo.

Pistoni yenye kazi mbili

Katika injini ya mipigo minne, pistoni hupanda na kushuka mara mbili ili kupata mlipuko mmoja. Katika injini hii, kila mzunguko wa krenki una mlipuko wake. Kwa mizunguko 6,000 kwa dakika, plagi inawasha mara 100 kwa sekunde, na pistoni yenye mwendo wa milimita 50 inasafiri mita 10 kila sekunde ndani ya silinda.

Pistoni inapopanda, juu yake inabana hewa na petroli kwa ajili ya mlipuko, na chini yake inavuta mchanganyiko mpya kutoka kwenye kabureta kuingia kasha la krenki. Inaposhuka, inafungua kwanza tundu la ekzosi, moshi unatoka, kisha inafungua matundu ya pembeni na ule mchanganyiko uliobanwa chini unapanda kujaza silinda. Ukingo wa pistoni ndio unaofanya kazi ya valvu.

Mambo mawili yanafuata hapo, na ukiyashika umeelewa nusu ya kazi. La kwanza, kasha la krenki lazima lizibe kabisa kama chupa. Likivuja upepo, injini haivuti vizuri, na hewa ya ziada huifanya ichome kwa joto kubwa. La pili, kwa kuwa petroli inapita pale palipo na beringi za krenki, hapawezi kuwa na oili iliyotuama kama kwenye injini ya mipigo minne. Oili inayolinda krenki, pini na pistoni inakuja na petroli na kuondoka na moshi. Oili ya gia ni nyingine kabisa, na ipo chumba kingine.

Pima kabla ya kushika spana

Anza na kompresheni. Pasha injini moto kama bado inawaka, toa plagi, funga geji, vuta aksileta mpaka mwisho na upige kiki mara tano au sita hadi sindano isipande tena. Waya wa plagi uuguse bodi ya injini, mbali na tundu, kwa maana mvuke wa petroli unaotoka hapo unaweza kuwaka. Injini nzima ya aina hii kwa kawaida husoma kati ya paundi 120 na 150 kwa inchi ya mraba. Ikifika chini ya 100 kuwaka kwake kunakuwa kwa tabu. Kumbuka tu kwamba hewa ya nyanda za juu ni nyepesi: injini ile ile itasoma pungufu Mbeya kuliko Tanga.

Halafu sikiliza na utazame. Moshi mweupe mzito usioisha, pamoja na oili ya gia inayopungua bila kuvuja nje, maana yake sili ya krenki ya upande wa klachi imekufa na injini inakunywa oili ya gia. Injini inayopandisha mlio yenyewe bila kuvutwa, au inayokawia kushuka ukiachia aksileta, inavuta hewa mahali fulani. Mara nyingi ni sili ya upande wa magneto au mpira wa kabureta uliopasuka. Mlio mkavu wa kugongagonga wakati injini ni baridi, unaopungua ikipata moto, ni pistoni iliyolegea kwenye silinda. Mngurumo mzito unaousikia hadi kwenye vikanyagio vya miguu ni habari mbaya zaidi, kwa kuwa unatoka kwenye krenki.

Kabla ya kuhukumu, fungua ekzosi. Oili inayoungua huacha masizi, na baada ya miaka mingi masizi hayo huziba bomba na hata tundu lenyewe la silinda mpaka likabaki jicho dogo. Pikipiki isiyopanda mlima, lakini yenye kompresheni nzuri, mara nyingi inaumwa ugonjwa huo tu. Shusha pistoni hadi chini, kwangua masizi kwa kipande cha mti mgumu, safisha bomba, na huenda usihitaji kuendelea na makala hii.

Kufungua sehemu ya juu

Osha pikipiki nzima kwanza, hasa kati ya mapezi ya silinda na kwenye mzizi wake. Mchanga unaodondoka ndani ya kasha utakula beringi mpya kabla haujamaliza wiki. Fanya kazi nje au penye upepo, mbali na jiko la mkaa, na usinawe mikono kwa petroli. Kwa kusafishia vipuri mafuta ya taa yanatosha.

Toa tangi, ekzosi na kabureta. Legeza nati za kichwa cha silinda kidogo kidogo kwa mtindo wa msalaba, kila nati nusu mzunguko, ili kichwa kisipinde. Kisha inua silinda taratibu. Mara tu sketi ya pistoni inapoanza kuonekana chini, simama na uzibe mdomo wa kasha kwa kitambaa safi kisichochambuka. Klipu za pini ya pistoni zina tabia ya kuruka, na klipu iliyozama kwenye kasha inaweza kukulazimisha kupasua injini nzima.

Pini ikikataa kutoka, usiipige nyundo, konrodi itapinda. Funika pistoni kwa kitambaa kilicholowa maji ya moto kwa dakika chache, aluminiamu ipanuke, kisha isukume kwa kidole au kwa kipande cha mti.

Pistoni ni shahidi

Hapa fundi mwenye haraka hutupa pistoni ya zamani pembeni na kufunga mpya. Ni kosa ghali, kwani kilichoiua ya kwanza kitaiua ya pili. Ishike kwenye mwanga uisome.

Mikwaruzo upande wa ekzosi peke yake huonyesha joto kupita kiasi: oili kidogo, au hewa nyingi kuliko petroli. Mikwaruzo sehemu nne, kama pembe za mraba, hutokea pistoni inapopanuka haraka kuliko silinda. Mtu amewasha injini baridi na kuipeleka mbio papo hapo, au silinda ilichongwa ikabana mno. Tundu katikati ya kichwa cha pistoni, au ukingo ulioliwa kama umetafunwa na panya, ni dalili ya mwako usiofuata utaratibu: taimingi ya plagi iliyotangulia mno, plagi ya joto lisilofaa, au mchanganyiko mwepesi. Na sketi iliyosagika na kufifia upande wa kabureta, bila mkwaruzo mkubwa wowote, ni vumbi. Filta ya hewa ilipasuka, au ilikuwa kavu, au haikuwepo kabisa.

Kwenye barabara zetu, hilo la mwisho ndilo la kutafuta kwanza. Filta ya sponji hufanya kazi ikiwa imelowekwa oili na kukamuliwa, na ikiwa imekaa sawasawa kwenye sanduku lake. Wapo wanaoitoa ili injini ipumue. Inapumua kweli, na inachokipumua ni mchanga.

Silinda kwa mkerezaji

Silinda ya DT 125 ina upana wa milimita 56 na mwendo wa milimita 50, yaani sentimita za ujazo 123. Ndani yake kuna chuma cha kuyeyushwa kinachoweza kuchongwa, na hii ndiyo raha ya pikipiki hizi za zamani. Nyingi za mashindano za siku hizi zina silinda iliyopakwa tabaka gumu la nikeli, na hizo hazichongwi kwa njia hii.

Pima kipenyo sehemu tatu, juu, katikati na chini, na kila sehemu kwa pande mbili zinazokatana. Tofauti ya juu na chini ikizidi karibu milimita 0.05, silinda imekuwa kama faneli na ringi mpya hazitasaidia. Kama huna kifaa cha kupimia, ingiza ringi pekee ndani ya silinda, isawazishe kwa kuisukuma na kichwa cha pistoni, na upime pengo la ncha zake kwa fila geji, kwanza juu kisha chini. Ringi mpya kwenye silinda ya ukubwa huu huwa na pengo la takriban milimita 0.2 hadi 0.4. Pengo likitofautiana sana kati ya juu na chini, umepata jibu lako bila maikromita.

Pistoni za kuzidishia huuzwa kwa hatua za milimita 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00. Nunua pistoni kwanza, ndipo upeleke silinda kuchongwa, na uache pistoni hiyo hiyo kwa mkerezaji aipime yeye mwenyewe. Namba iliyopigwa muhuri kichwani si ya kuaminika kwa kila spea inayouzwa mitaani, na uwazi kati ya pistoni na silinda kwenye injini hizi zinazopozwa kwa hewa ni karibu milimita 0.04 tu, pungufu ya unene wa unywele wa watu wengi. Kitabu cha pikipiki yako kikitaja kipimo chake, fuata kitabu. Mkerezaji anayesema atachonga kwa makadirio na utaleta pistoni baadaye, mshukuru na uondoke.

Mwombe pia avunje makali kwenye kingo za matundu. Chombo cha kuchongea huziacha kali kama wembe, na ringi zinazopita hapo mara 100 kwa sekunde zitanasa na kukatika. Kama kila kitu kiko ndani ya kipimo na unabadilisha ringi peke yake, silinda haichongwi. Inakwaruzwa kidogo kwa jiwe ili mistari myembamba ishike oili.

Ukirudi nyumbani, osha silinda kwa maji ya moto na sabuni ya unga, kwa brashi. Petroli haitoshi, kwa sababu huacha unga wa jiwe kwenye mistari ile. Osha mpaka kitambaa cheupe kikipita ndani kitoke cheupe, kausha, na upake oili mara moja, maana chuma kitupu huanza kutu ndani ya saa moja.

Swali la krenki

Wakati silinda iko kwa mkerezaji, amua kuhusu sehemu ya chini. Hapa ndipo watu wengi hupoteza fedha. Injini ikipewa pistoni mpya na kompresheni ya kiwandani, nguvu hiyo inashuka yote kwenye konrodi na beringi zilizozeeka, na krenki iliyokuwa ikijikongoja hufa ndani ya miezi michache.

Geuza krenki mpaka konrodi iwe juu kabisa, ishike kwa vidole na uivute juu na kuisukuma chini, bila kuilaza. Pasisikike wala kuhisiwa mgongano wowote. Kuchezacheza kushoto na kulia ni kawaida, kwa kuwa beringi ya chini huachiwa nafasi ya pembeni; kuchezea juu na chini si kawaida hata kidogo. Kisha toa kifuniko cha magneto, shika gurudumu lake kwa mikono miwili na ulitikise. Likicheza, beringi kuu zimekwisha.

Kama vyote viwili viko imara na tatizo ni sili peke yake, una bahati. Sili ya upande wa magneto katika injini nyingi hizi hutolewa kutoka nje baada ya kuvuta gurudumu. Tumia pula inayolingana, na uangalie nyuzi zake kabla ya kukaza, kwa kuwa kwenye pikipiki nyingi ndogo za Kijapani ni za mkono wa kushoto. Usiligonge gurudumu nyundo. Sumaku zake hupasuka, na ncha ya krenki hupinda. Kabla ya kutoa bamba la koili lililo nyuma yake, chora alama ya msumari inayopita kwenye bamba na kwenye kasha ili taimingi irudi mahali pake.

Krenki ikiwa mbovu, kasha lazima lipasuliwe. Kazi yenyewe si ngumu bali ni ndefu: klachi, gia ya mwanzo, skrubu zote za kasha, halafu kulitenganisha kwa nyundo ya mpira ukizunguka pande zote. Skrubu zilizokwama hulegezwa kwa bisibisi ya kugongwa. Ukilazimisha kwa mkono utaharibu vichwa vyake. Usiingize bisibisi kati ya nyuso mbili za kasha. Mkwaruzo mmoja hapo ni uvujaji wa upepo wa kudumu. Piga picha kwa simu kila unapotoa kitu, hasa mpangilio wa gia na washa zake.

Kubadilisha konrodi ndiyo hatua ya pili isiyofanyika nyumbani. Krenki ya mipigo miwili imeshindiliwa vipande kwa tani nyingi za mashine ya presi, na baada ya kuunganishwa lazima izungushwe kati ya ncha mbili na kunyooshwa mpaka kuyumba kwake kuwe ndani ya mia chache za milimita. Nimeona krenki zilizounganishwa kwa jeki ya lori. Zinazunguka, ndiyo, na zinatikisa pikipiki mpaka taa zinadondoka.

Beringi kuu mpya unaweza kuziweka mwenyewe. Pasha nusu ya kasha sawasawa mpaka tone la maji likidondoshewa lichemke na kuruka, weka beringi iliyolazwa usiku kucha kwenye friza, nayo itazama kwa uzito wake au kwa msukumo mdogo. Usitumie jiko la chakula kwa kasha lenye mabaki ya petroli.

Kufunga

Mshale ulio juu ya pistoni huelekea tundu la ekzosi. Weka klipu mpya, siku zote. Za zamani zikishatolewa zimepoteza mkazo, na moja ikichomoka silinda yote imekwenda. Mdomo wa klipu uelekee juu au chini, usiangalie ule mfereji wa kuchomolea. Badilisha pia beringi ya sindano ya pini, maana bei yake ni ndogo na kazi yake ni kubwa.

Kila mfereji wa ringi una kijiti kidogo, na ncha za ringi lazima zikutane pale pale kwenye kijiti. Kinazuia ringi isizunguke na kutumbukiza ncha yake kwenye tundu. Paka oili, bana ringi kwa vidole, na ushushe silinda wima bila kuizungusha. Ikikataa, inua uangalie. Ikilazimishwa, ringi huvunjika kwa sauti ndogo ambayo usipokuwa makini hutaisikia.

Gasketi ya chini ya silinda nunua ya kipimo chake. Kukata gasketi kwenye karatasi nene kunafaa kwa kifuniko cha klachi, lakini hapa unene wake hupandisha au kushusha silinda, na matundu yote husogea nayo. Kichwa cha silinda kikiwa kimepinda kidogo, kisugue juu ya kioo kilichotandazwa msasa laini, kwa mwendo wa namba nane. Nati za milimita 8 hukazwa kwa msalaba katika hatua tatu mpaka niutoni mita 20 hadi 25, kama kitabu chako hakisemi vingine.

Kupima upepo kwa kipimo cha presha ya damu

Kabla ya kuwasha, hakikisha chupa imeziba. Mafundi wa nje hutumia pampu maalumu. Kifaa cha zahanati cha kupimia presha ya damu, chenye mpira wa kubonyeza na saa, hufanya kazi hiyo hiyo. Kiwango chake cha mwisho, milimita 300 za zebaki, ni karibu paundi 6 kwa inchi ya mraba, ambacho ndicho kipimo kinachotakiwa. Usitumie kompresa ya kujazia matairi, kwani itasukuma sili zitoke.

Ziba tundu la ekzosi kwa kipande cha mpira wa tairi la ndani na bamba, ziba mdomo wa kabureta kwa kizibo chenye bomba la kifaa, funga plagi, shusha pistoni chini, na kama kuna bomba la pampu ya oili lizibe pia. Bonyeza hadi 300 na usubiri dakika sita. Ikishuka zaidi ya 50 kwa dakika, kuna mahali panavuja. Paka povu la sabuni kwenye maungio, kwenye sili ya magneto na mzizi wa silinda; mapovu yatakuonyesha. Upande wa klachi hautauona, lakini weka sikio kwenye tundu la kujazia oili ya gia. Dakika hizi sita ndizo zinazotenganisha matengenezo ya miaka mitano na matengenezo ya miezi mitano.

Oili gani, na kiasi gani

Kwa mchanganyiko wa 1 kwa 50, lita moja ya petroli inachukua mililita 20 za oili. Kwa 1 kwa 32 ni kama mililita 31, na kwa 1 kwa 25 ni mililita 40, yaani mililita 200 kwa dumu la lita 5. Injini ya zamani yenye silinda ya chuma, ikiwa ndiyo kwanza imefungwa, ipewe 1 kwa 25 au 1 kwa 32 kwa tangi la kwanza, hata kama pikipiki ina pampu yake ya oili. Pampu hiyo hubaki na hewa kwenye mabomba baada ya kufunguliwa, na lazima itolewe kwa skrubu yake mpaka oili itoke bila mapovu. Injini nyingi mpya zimekufa dakika ya kumi kwa sababu ya hewa hiyo.

Tumia oili iliyoandikwa kwamba ni ya injini za mipigo miwili zinazopozwa kwa hewa, yenye alama ya JASO FC au FD. Pwani, kwenye masoko ya wavuvi, kuna oili nyingi ya TC-W3. Hiyo imetengenezwa kwa mashine za boti zinazopozwa kwa maji ya bahari, na kwenye silinda ya mapezi inayopanda mlima juani haistahimili. Oili ya injini ya gari nayo haifai, kwa kuwa huacha majivu kwenye plagi.

Kuna imani kwamba kuzidisha oili hulinda injini kwa kila hali. Si kweli moja kwa moja. Oili ikichukua nafasi kwenye jeti ya kabureta, petroli inayopita ni pungufu, na mchanganyiko unakuwa mwepesi zaidi. Shika kiasi kimoja, na urekebishe kabureta kwa kiasi hicho.

Siku za mwanzo

Washa, iache iungurume kwa kasi inayobadilika mpaka mapezi yawe moto usioweza kuyashika, kisha zima na uiache ipoe kabisa. Rudia mara mbili au tatu. Ikiwa baridi, kaza tena nati za kichwa. Kwa kilomita 300 hadi 500 za kwanza epuka aksileta ya mwisho, na epuka pia mwendo mmoja usiobadilika kwa muda mrefu. Angalia plagi baada ya safari fupi: rangi ya kahawia ni nzuri, nyeusi yenye unyevu ni petroli au oili nyingi, nyeupe ni hatari, na ukiiona simama hapo hapo utafute hewa inakoingia.

Mwendesha bodaboda aliyezoea mipigo minne ana tabia moja ya kuiacha akipanda pikipiki hii. Kwenye mteremko mrefu, kama ule wa kutoka Lushoto kushuka Mombo, yeye hufunga aksileta na kuiachia injini ishike mwendo. Kwenye mipigo miwili, kufunga aksileta ni kufunga oili, wakati krenki bado inazunguka kwa kasi ya magurudumu. Pistoni inaweza kukamata, na ikikamata gurudumu la nyuma husimama ghafla kwenye kona. Bana klachi mara kwa mara uiache injini itulie, au vuta aksileta kidogo kila baada ya muda ili tone la oili lipite. Na kwa wiki hizo za kwanza, vidole viwili vikae kwenye mkono wa klachi wakati wote: ukihisi pikipiki inashikwa kwa nyuma, au mlio unapungua wenyewe, bana klachi kwanza, kisha ndipo utafute pembeni pa kusimama.